Korodani ya mwanao ikiuma ghafla, usisubiri kukuche

Kijana alikuwa na miaka 14, kidato cha pili, shule ya bweni, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki mbili. Maumivu yalimwamsha saa 9 usiku wa kuamkia Jumanne. Alikwenda msalani, akatapika, akarudi kitandani na kujikunja. Mwenzake wa kitanda cha juu alipomuuliza ana nini, alijibu tumbo. Asubuhi matroni akamuuliza, akajibu tumbo, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Saa 4 alipelekwa zahanati ya jirani. Pale walimbonyeza tumbo, wakampima malaria, wakampima mkojo, wakampa dawa za siku tano. Hakuna aliyemwambia avue suruali, na yeye asingeivua bila kuambiwa. Jioni mama yake akapigiwa simu. Alipanda basi la alfajiri, akafika shuleni, akamuuliza, "Baba, unaumwa wapi?"

"Tumbo, mama."

Mjomba wake, aliyekwenda kuwapokea stendi, ndiye aliyeona kuwa mtoto anatembea kwa kutanua miguu. Alimvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amemuuliza tangu usiku ule. Walifika hospitalini kwetu Jumatano saa 5 asubuhi. Hesabu mwenyewe ndugu msomaji: ni saa 32 tangu maumivu yaanze.

Tulimwingiza chumba cha upasuaji mara moja. Korodani ya kushoto ilikuwa imejisokota na kuwa nyeusi. Tuliizungusha kuirudisha, tukaifunika kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tukasubiri tuone kama rangi itarudi. Haikurudi. Tuliitoa. Ile ya kulia tuliishona mahali pake isije nayo ikafanya hivyo hivyo siku nyingine.

Nimebadilisha mambo madogo madogo ili kijana asitambulike, na mama yake ameniruhusu kukisimulia kisa hiki. Alisema kitu kimoja ambacho ndicho kimenifanya nichukue kalamu: "Daktari, mimi ningejua ni huko, ningekodi gari usiku ule ule." Namwamini. Mama yule hakukosa nauli wala huruma kwa mwanawe. Alikosa taarifa tu, na aliyekuwa nayo ni mtoto aliyeona ni afadhali kuumwa kuliko kutamka.

Nieleze kwanza kinachotokea, kisha nirudi kwenye hilo la kutamka.

Korodani inaning'inia kwenye kamba. Ndani ya kamba hiyo mna mishipa inayopeleka na kurudisha damu, pamoja na mrija unaosafirisha mbegu za kiume. Kwa wanaume wengi korodani imeshikizwa kwenye ukuta wa mfuko wake, kwa hiyo haizunguki ovyo. Wapo wavulana ambao tangu wakiwa tumboni mwa mama korodani zao hazikushikizwa vizuri; zinabembea kama ulimi wa kengele. Mtoto kama huyo hana dalili yoyote. Anakua, anacheza, anaruka, hadi siku moja korodani inajizungusha, kamba inajisokota kama kamba ya ndoo ya kisimani, na damu inakatika. Madaktari wengi wanapozungumza Kiswahili husema korodani imejinyonga, na neno hilo linaeleza vizuri.

Si lazima apigwe mpira wala agongwe. Inaweza kutokea akiwa michezoni, lakini mara nyingi hutokea usingizini, ndiyo maana simu tunazopigiwa ni za usiku. Inaweza kumpata mtu wa umri wowote, hata mtoto mchanga, ila kundi linalopatwa zaidi ni wavulana wa miaka 12 hadi 18, kipindi ambacho korodani zinakua kwa kasi.

Korodani isiyopata damu haina akiba. Ikifunguliwa ndani ya muda wa saa 6 tangu maumivu yaanze, zaidi ya 9 kati ya 10 huokolewa. Muda ukifika saa 12, nafasi imeshuka hadi karibu nusu. Baada ya saa 24 zinazookolewa ni chache sana. (Nasema muda wa saa 6, si saa 6 ya usiku au mchana. Niliwahi kumwambia baba mmoja kwa simu "una saa 6", akanijibu kwamba saa 6 mchana atakuwa amefika. Tangu siku hiyo nafafanua.)

Dalili zake ni hizi. Maumivu makali yanayokuja ghafla upande mmoja, mara nyingi mtoto anaweza kukuambia kabisa yalianza saa ngapi. Kichefuchefu au kutapika. Maumivu yanayopanda hadi chini ya tumbo, na kwa wengine tumbo ndilo wanaloanza kulisikia. Korodani inayouma inaweza kuonekana imepanda juu kuliko kawaida, au imelala upande. Baada ya saa kadhaa mfuko unavimba na kuwa mwekundu au kubadilika rangi, na hata kugusana na nguo kunauma. Ipo dalili nyingine ambayo wazazi huipuuza kwa sababu inajiponya: maumivu makali yanayokuja, yakadumu dakika kumi au nusu saa, kisha yakaisha ghafla kama yalivyokuja. Hapo korodani huenda ilijisokota ikajifungua yenyewe. Usishukuru Mungu ukanyamaza. Mpeleke akaonwe wiki hiyo hiyo ingawa hana maumivu, kwa sababu siku nyingine inaweza isijifungue.

Sasa tuje kwenye kutamka.

Sisi Waswahili tumeziita sehemu za siri. Ni tafsida nzuri, ina heshima, hata mimi nimeitumia miaka yote. Lakini hebu mfikirie mtoto. Tangu ana miaka mitatu anaambiwa hizo ni siri, asionyeshe, asishike, asizungumzie. Ametii. Akifika miaka 14 zinapouma saa 9 usiku, anafanya kile kile ulichomfundisha: anatunza siri.

Na hata akitaka kuitoa, ataitoa kwa neno gani? Jiulize mwanao anajua neno gani la kiungo hiki. Maneno mawili matatu anayoyajua ni matusi, kayasikia kwenye ugomvi wa kituo cha daladala. Akilitaja mojawapo mbele ya mama yake, kofi litafika kabla ya daktari. Neno korodani, ambalo ndilo la adabu na ndilo tunaloandika kwenye faili hospitalini, wengi hulikuta kwanza kwenye kitabu cha baiolojia. Kati ya tusi na kitabu cha baiolojia, mtoto wetu hana neno la nyumbani. Ndipo anaposema tumbo.

Maoni yangu, na najua wapo watakaokunja uso, ni kwamba kila mvulana anayeweza kuoga mwenyewe awe analijua neno korodani na amelisikia kutoka kwa mzazi wake. Anayeona tabu na neno hilo atumie jingine lolote la nyumbani kwake, mradi mtoto ajue kwamba akilitamka hatapigwa wala kuchekwa. Halitamharibu. Tena mtoto mwenye jina la kiungo chake anaweza pia kukuambia kuwa mtu fulani alikishika, jambo ambalo ni dharura ya aina nyingine.

Nisije nikaonekana nahubiri nikiwa nimekaa mbali. Baada ya kumtoa yule kijana korodani nilirudi nyumbani, nikamkuta mwanangu wa miaka 12 anafanya kazi za shule, nikagundua kwamba mimi, ninayeitaja korodani mara kumi kwa siku kazini, sijawahi kumtamkia neno hilo mtoto wangu. Nikasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki zikawa miezi. Kilichoniokoa ni mpira. Ilikuwa fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Februari 11, 2024, Ivory Coast na Nigeria. Taifa Stars walishatoka zamani kwenye makundi, sisi tumebaki kushangilia ya watu, mama yake analalamika kesho ni shule. Saa 6 usiku ilikuwa imepita Sébastien Haller alipogusa mpira ukaingia, ikawa 2-1, na kombe likabaki Abidjan. Nikamwambia mwanangu, unajua huyu alikuwa na saratani ya korodani? Akaniuliza, "Korodani ndiyo nini?"

Basi tukaongea. Ilichukua dakika kumi, muda wa kusubiri kombe kukabidhiwa. Nilimweleza ni zipi, zinafanya kazi gani, na nikamwambia kwamba ikimuuma ghafla, usiku au mchana, aniamshe, na kama sipo amwamshe mama yake, hata kama kuna wageni. Aliona aibu, akacheka, akauliza maswali mawili mazuri, akaenda kulala. Hapakuwa na ugumu wowote isipokuwa ule niliokuwa nimeujenga mwenyewe kichwani.

Mama unayelea wavulana peke yako, najua utaniambia hilo ni la baba, au la mjomba. Mjomba ni mtu mwema, tumemwona. Lakini mjomba alifika saa ya 30. Mlezi aliye ndani ya nyumba usiku ndiye anayehitajika, awe mama, bibi au dada mkubwa. Huna haja ya kumkagua kijana wa miaka 15 ikiwa hataki. Muulize tu waziwazi: "Ni tumbo, au ni korodani?" Ukimpa neno wewe, yeye atatikisa kichwa, na kutikisa kichwa kunatosha.

Kwa wenye shule za bweni nina ombi moja. Patroni na matroni wajue kuwa mvulana anayelalamika tumbo la chini, hasa akitapika usiku, aulizwe kuhusu korodani, akiwa peke yake, si mbele ya bweni zima. Akikubali, asisubiri ruhusa iandikwe asubuhi wala mzazi afike kwanza. Mzazi apigiwe simu gari likiwa njiani kwenda hospitali.

Na sisi wa makoti meupe tusijifiche nyuma ya mama wa watu. Kijana yule alipita mikononi mwa mtaalamu wa afya akiwa bado na matumaini: tangu saa 9 usiku hadi saa 4 asubuhi ni saa 7 tu. Uchunguzi wa tumbo la mvulana haujakamilika mpaka korodani zake zimeangaliwa. Tulifundishwa hivyo chuoni wote. Tunaruka kwa sababu foleni ni ndefu, chumba hakina pazia, au na sisi tunaona aibu. Mzazi, ukiona mwanao amepimwa kila kitu isipokuwa huko, una haki ya kusema: "Daktari, naomba mwangalie na korodani." Si ujuaji. Utakuwa umetusaidia.

Yule kijana aliruhusiwa baada ya siku tatu na mtihani wake alifanya. Kabla ya kuondoka alimsubiri mama yake atoke wodini, akaniuliza kama ataota ndevu na kama atapata watoto. Nilimjibu nitakavyokujibu na wewe: korodani moja nzima inatosha kwa ndevu, kwa sauti, kwa unyumba, na kwa watu wengi inatosha kwa watoto pia. Akifika utu uzima akitaka, ipo korodani ya bandia inayoweza kuwekwa ili mfuko uonekane sawa. Lakini asije akamruhusu mtu kuipuuza iliyobaki.

Nimeligusa suala la saratani kwa Haller, nisiliache hewani. Saratani ya korodani haipatikani sana kwetu ukilinganisha na Ulaya, lakini ipo, na tofauti na saratani nyingi haipendi wazee. Huwapata zaidi vijana wa kati ya miaka 15 na 40. Kinachoiponza jamii ni kwamba mara nyingi haiumi. Ni uvimbe mgumu, kama kokoto, kwenye korodani yenyewe, au korodani moja inayokua na kuwa nzito pole pole. Kijana anaiona, haimuumi, anaendelea na shughuli. Haller aligundulika Julai 2022, akiwa ndiyo kwanza amejiunga na Borussia Dortmund ya Ujerumani. Alifanyiwa upasuaji mara mbili na kupewa awamu nne za dawa za saratani, na Januari 2023 alikuwa amerudi uwanjani. Hii ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri zaidi, hata baadhi ya zilizosambaa, ila lazima mgonjwa afike.

Kwa hiyo kijana, mara moja kwa mwezi, ukimaliza kuoga maji ya moto, mfuko ukiwa umelegea, zipapase moja moja kwa vidole. Korodani ni laini na mviringo kama yai dogo lililochemshwa. Kwa nyuma utashika kitu laini kama kamba iliyojikunja, hicho ni cha kawaida, kila mwanaume anacho. Moja kuning'inia chini kuliko nyingine pia ni kawaida. Lengo ni kuzijua zako zilivyo, ili siku zikibadilika ujue. Ukishika kigumu ambacho hakikuwepo, nenda hospitali wiki hiyo, upigwe ultrasaundi. Usikubali kutobolewa wala kunyonywa maji na mtu yeyote kabla ya kipimo hicho.

Wazazi wa watoto wachanga, yenu ni mawili. La kwanza, hakikisha korodani zote mbili zipo ndani ya mfuko. Kati ya watoto 100 wa kiume waliotimiza miezi yao, watatu hivi huzaliwa moja au zote hazijashuka, na kwa njiti ni wengi zaidi. Nyingi hushuka zenyewe ndani ya miezi ya mwanzo. Mtoto akifikisha miezi 6 haijashuka, haitashuka kwa kusubiri. Muulize muuguzi wa kliniki akupe rufaa, kwa sababu upasuaji wa kuishusha unatakiwa ufanyike kabla ya mtoto kufikisha mwaka mmoja na nusu. Nakutana na vijana wanaoletwa na miaka 16, bibi kasema ataishusha akikua. Korodani inayobaki tumboni hupoteza uwezo wa kutengeneza mbegu, na hatari yake ya saratani na ya kujinyonga ni kubwa zaidi. Usichanganye na ile inayopanda kwa baridi na kushuka mtoto akiwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Hiyo haina neno, iendelee kuangaliwa tu.

La pili ni uvimbe. Mfuko wenye maji kwa mtoto mchanga mara nyingi hukauka wenyewe kabla ya miaka miwili. Uvimbe unaotokea kwenye kinena au mfuko akilia na kupotea akilala ni ngiri, yaani utumbo unashuka, na huo haupotei kwa dawa ya kupaka wala kwa kufungwa kitambaa. Apangiwe upasuaji mapema. Siku ukigoma kurudi, ukawa mgumu, mtoto analia bila kunyamaza au anatapika, hiyo ni safari ya usiku kama ile ya korodani iliyojinyonga.

Neno ngiri lenyewe linanipa shida. Mitaani kwetu kila maumivu ya kuanzia kitovuni kwenda chini kwa mwanaume ni ngiri au chango, na dawa yake inauzwa stendi kwa spika, chupa moja inatibu ngiri, kisukari na nguvu za kiume. Siwagombezi wanaonunua. Ila dawa ya kunywa haiwezi kuifungua kamba iliyojisokota, na saa mbili za kumsubiri mganga achemshe mizizi zimo ndani ya zile 6.

Kwa watu wazima nitapita haraka. Korodani inayouma taratibu kwa siku kadhaa, pamoja na mkojo kuchoma au usaha kutoka, mara nyingi ni maambukizi. Kwa vijana wanaojamiiana huwa ni kisonono au klamidia, na ukitibiwa peke yako bila mwenzako umejisumbua bure. Baada ya matubwitubwi, mvulana aliyebalehe anaweza kuvimba korodani siku chache tangu mashavu yavimbe. Aonwe na daktari, na chanjo ya surua na rubella aliyopata utotoni haikumkinga na huo. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, zaidi upande wa kushoto, inashikika kama tambi zilizoiva. Haina haraka ya usiku, lakini ni sababu mojawapo ya ugumba kwa mwanaume, kwa hiyo ikiwa mwaka umepita mnatafuta mtoto, usimtume mkeo peke yake kupimwa.

Na busha. Ndugu zangu wa Tanga, Lindi, Mtwara, Dar es Salaam na Visiwani, madafu hayana kosa. Busha la mtu mzima huku pwani chanzo chake kikubwa ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ile ile inayoleta matende. Kampeni ya kugawa dawa ilianza kisiwani Mafia mwaka 2000, na vidonge vile vya ivermectin na albendazole vikiletwa mtaani kwako, meza. Vinakata maambukizi, lakini busha lililokwisha kujaa havilikaushi. Hilo dawa yake ni upasuaji, na ni upasuaji wa kawaida. Wapo wazee wanaolibeba miaka 20 chini ya shuka, hawaendi msikitini wala harusini, wakati ni kazi ya asubuhi moja.

Nirudi kwenye usiku ule, maana huenda ukawa wako. Mtoto amekuamsha, anashika kinena, anatapika. Tazama saa, uikumbuke saa maumivu yalipoanza, utaulizwa. Usimpe chakula wala uji, kwa sababu huenda akahitaji usingizi wa upasuaji na tumbo linatakiwa liwe tupu. Usimkande kwa maji ya moto, usimsugue, usijaribu kuizungusha. Kidonge cha maumivu si dhambi, ila kisikufanye urudi kulala. Maumivu yakipungua baada ya saa nyingi, wakati mwingine ni kwa sababu korodani imeshakufa. Usianzie zahanati kama una njia ya kufika hospitali yenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, ya wilaya au ya mkoa. Mjue leo ni ipi iliyo karibu nawe, na uwe na namba ya bajaji au bodaboda anayepokea simu saa 9 usiku. Upasuaji wenyewe ni mfupi, kidonda chake ni kidogo, na daktari wa upasuaji anayeona dalili ziko wazi hapaswi kusubiri ultrasaundi ya asubuhi.

Ukifika mapokezi, usiseme mtoto anaumwa tumbo. Sema hivi, kwa sauti inayosikika, hata kama kuna watu kwenye benchi: "Mwanangu ana maumivu ya ghafla ya korodani, yameanza saa fulani, naomba daktari wa upasuaji aitwe sasa."